Pedeli Haikurudi

Toronto,
Jumapili, 7 Desemba

Kwako dada yangu mpenzi Anastasia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba lile goti limetulia baada ya zile sindano. Sisi huku tunapumua. Mke wangu Elinaza hajambo, ingawa salamu zake nakupa mwenyewe kwa sababu hajui kama nakuandikia. Nicole anaendelea vizuri, mfupa wa mtulinga umeunga, na juzi daktari kamvua kile kitambaa cha kuning'inizia mkono. Baridi imeshaanza kuuma. Baba naye ni mzima wa mwili. Wa mwili nasema, na neno hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Lakini dada, wewe simu yangu ukiipokea unaweka spika, nasikia shangazi anakohoa pembeni na jirani anauliza theluji huku inafika wapi. Nikikutumia ujumbe, kabla sijarudisha simu mfukoni umeshafika kwenye kundi la ukoo. Sikulaumu, ndivyo ulivyo, unapenda watu wajue. Hili nakuomba ulisome peke yako, mlango umefungwa. Dismas, yule kijana wa Kibosho anayesoma huku, anasafiri Jumanne na ameahidi kukukabidhi mkononi. Baba anapanda ndege Jumamosi. Kwa hiyo barua itamtangulia, na ndivyo ninavyotaka.

Naogopa, dada. Niseme wazi maana nikizunguka sitafika. Naandikia hapa gereji, Mount Dennis, leo hakuna kazi, Elinaza na Nicole wako kanisani, na kila gari likipunguza mwendo barabarani mkono unasimama. Usiku nikisikia lifti imesimama kwenye ghorofa yetu nashtuka, kana kwamba kuna mtu anakuja kunichukua.

Wiki iliyopita ulinieleza ulivyojiandaa. Gereji ya Baba ya Majengo umempangisha yule kijana wa matairi. Sanduku lake la spana umelihamishia kwako na kulifungia. Umempa chumba kilicho karibu na jiko ili binti wa kazi awe anamwangalia, na geti litafungwa mchana kutwa asije akatoka akapotea. Ulikuwa unalia ukinieleza. Umefanya anachopaswa kufanya mtoto aliyeambiwa kwamba baba yake akili zimemhama. Na aliyekuambia ni mimi. Basi sikiliza ilivyokuwa, nianze mwanzo, usinikatize.

Baba alipofika Agosti, alikaa kwetu ghorofani, Flemingdon Park, kama mfungwa. Asubuhi anasimama dirishani kutazama magari yanayopita bondeni, anayataja moja moja, mchana analala, jioni anaulizia bei ya nyama. Nikaona huyu ataumwa. Nikaanza kumchukua kuja naye kazini, na hapo ndipo alipokutana na gari langu.

Ni gari la Kimarekani la mwaka sabini, dada, milango miwili, silinda nane, boneti ndefu kama meza ya harusi. Mjane wa mteja wetu ndiye aliyenipa, maana lilikuwa linaozea uani kwake na mimi ndiye niliyekubali kulivuta. Ukiliwasha unalisikia kifuani kabla ya masikioni. Baba alilizunguka kimya, akavua koti, akaomba ovaroli. Kuanzia siku hiyo hakuulizia tena bei ya nyama.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kwenye hewa. Wewe umelelewa na grisi, unajua injini lazima ivute hewa, na hewa inapita kwenye ea klina, lile sufuria la duara linalokaa juu ya kabureta. Mimi nilikuwa nimeagiza sufuria jipya, pana, lenye ukingo wa mpira unaogusa boneti kwa ndani, pale penye tundu linalotazama upepo. Faida yake ni kwamba injini haivuti tena hewa iliyochomwa chini ya boneti, inavuta hewa mbichi ya nje, ya baridi. Hewa ya baridi ni nzito, injini inashiba, gari linaruka.

Wasiwasi ulikuwa kama boneti itafunga, maana sufuria lilikaa juu sana. Mimi nikaanza kutafuta rula. Baba akaniuliza kama kwenye chombo changu cha chakula kuna ugali uliobaki. Nikadhani ana njaa. Aisee, mzee akaukanda, akatengeneza matonge, akayapanga juu ya kifuniko cha sufuria, akashusha boneti taratibu, akaipandisha. Matonge yalikuwa yamebonyea unene wa kidole. Akasema inatosha, kwa sababu injini hutikisika na lazima uiachie nafasi ya kutikisika. Mwenzangu wa hapa gereji, Évariste, Mkongo wa Bukavu, alicheka mpaka akakalia tairi. Akasema amekula bugali tangu azaliwe, hajawahi kuuona ukipima gari. Baba naye alicheka. Tangu Mama afariki sikuwa nimemsikia akicheka namna ile.

Sasa hapa soma taratibu. Sufuria la zamani lilikuwa na kibomba chembamba cha bati kinachoshuka mpaka kwenye eksozi, kinachukua hewa ya moto na kuileta kwenye kabureta. Vile vibomba unavikumbuka. Majengo kulikuwa na rundo lake nyuma ya choo, tulikuwa tunavichezea kama tarumbeta. Kila Peugeot iliyoingia, kazi ya kwanza ilikuwa kung'oa kile kibomba na kukitupa, maana Moshi nani anataka kuiongezea injini joto? Kwenye sufuria jipya hapakuwa hata na mahali pa kukifunga. Nikakichomoa. Évariste akaniambia ile tuyau nisitupe, hapa kuko baridi, iko na kazi yake. Nikamjibu kwamba nimezaliwa gereji na sijafundishwa kazi na mtu wa kubadilisha tairi. Nikakitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Baba wakati huo alikuwa ananawa mikono, hakuona na hakuulizwa.

Elinaza hakulipenda gari lile hata siku moja. Aliliita kopo. Alinikataza kumpandisha Nicole mpaka lipelekwe kukaguliwa, na mimi nikaapa, mbele ya mtoto, kwamba hatakanyaga ndani. Niliapa kwa urahisi kabisa, dada, kama mtu anayeombwa chumvi.

Ikaja ile Jumamosi ya Novemba. Elinaza alikuwa zamu, kule anakotunza wazee, na Nicole nilikuwa naye hapa gereji. Alitakiwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Nje kulikuwa na manyunyu na ukungu, ile hali ambayo theluji inataka kuja lakini haiji. Mimi nilikuwa chini ya gari la mteja, muda umekwenda, mtoto analalamika kwa Kiingereza chake kwamba atapewa sehemu ya mwisho. Baba akasema atampeleka yeye, kibali chake cha udereva bado kinafaa. Nikatoa funguo za gari lile mfukoni nikazisukuma sakafuni kwa mguu. Sikutoka hata chini ya gari.

Yaliyotokea kwenye barabara ya Eglinton nilikueleza kwa simu, ila nilikueleza kwa upande mmoja. Baba alisema hivi, na alisema hivi tangu dakika ya kwanza: walisimama kwenye taa, zikawaka kijani, akakanyaga kidogo gari liondoke, akaachia mguu, na pedeli haikurudi. Injini ikazidi kunguruma. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, na breki za gari lile ni za zamani. Mbele palikuwa na watu kwenye kituo cha basi. Akalikata gari kulia, akalipitisha kati ya nguzo na ukuta, likajigonga kwenye kizuizi cha zege cha maegesho ya duka. Nicole akavunjika mtulinga. Baba alipasuka mdomo.

Askari aliandika maelezo yake kwa adabu, kisha akanivuta pembeni akaniambia wazee wengi huchanganya pedeli, nisimfokee. Gari likavutwa mpaka hapa. Jioni ileile nikalikagua. Nikakanyaga pedeli, ikashuka, ikarudi. Nikarudia, ikarudi. Nikawasha injini, ikatulia. Nikampigia Elinaza hospitalini, alikokuwa na Nicole, nikamwambia gari halina kosa lolote. Ni mimi, fundi, mtoto wa fundi, ndiye niliyetoa hukumu ile, na wote mkaipokea kutoka kwangu.

Elinaza hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alisema aliyemfanyia mwanawe vile hatalala naye chini ya paa moja, na mimi nikamhamishia Baba kwa Évariste, huku Mount Dennis, kwenye chumba cha watoto wao. Nikampeleka kwa daktari wa kumbukumbu. Akaulizwa maswali, mimi natafsiri. Akaambiwa achore saa, mishale ionyeshe kumi na moja na dakika kumi, na mimi nikamtajia vilevile, saa kumi na moja na dakika kumi. Baba akaweka mshale mfupi kwenye tano, kama ungeuweka wewe, kama angeuweka kila mtu pale Moshi. Daktari akatikisa kichwa, akaandika. Nilikuja kushtuka tukiwa ndani ya lifti tunashuka. Nikajiambia saa moja iliyochorwa vibaya haibadilishi kitu. Wakati ule, dada, niliamini kweli kwamba Baba ana ugonjwa.

Na yeye akaanza kuamini. Wiki ya kwanza alirudia kwa kila mtu kwamba pedeli haikurudi. Wiki ya pili alisema labda. Baadaye akanyamaza. Mke wa Évariste ananiambia anaomba ruhusa kuwasha jiko. Anauliza kama ameshakunywa dawa, na akijibiwa ndiyo anauliza tena, anaona aibu. Kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Yule mzee aliyekuwa anasikiliza injini ikipita barabarani na kukuambia plagi ipi imekufa, sasa anaogopa kujifungia mlango wa choo.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mpaka wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nimenyoosha bodi na kubadilisha taa, nikataka kulijaribu gari asubuhi. Manyunyu, ukungu, hali ileile. Nikaingia barabara ya Black Creek, nikaendesha polepole, nikatokea kwenye taa. Zilipowaka kijani nikakanyaga kidogo, nikaachia mguu, na pedeli ikabaki chini.

Injini inapiga makelele, gari linakwenda lenyewe, mbele yangu kuna lori. Mimi si hodari kuliko Baba, nilipona kwa sababu barabara ilikuwa na bega pana na nikakumbuka kuzima swichi. Nikateremka. Nikafungua boneti, nikafungua sufuria, nikachungulia kooni mwa kabureta. Kulikuwa na barafu. Barafu nyeupe, nene, imeganda kuzunguka kile kibati kinachofunguka na kufunga kwa pedeli, imekishika wazi. Hewa mbichi yenye unyevu, bila kibomba cha kuipasha moto, inaganda humo ndani. Nikaweka kidole. Wakati nimekiweka, ikaanza kuyeyuka kwa joto la injini, ikawa maji, ikawa matone, ikaisha. Kibati kikajifunga chenyewe, tap. Ungekuja muda mfupi baadaye ungekuta gari halina kosa lolote.

Nilikaa kando ya barabara ile sijui kwa muda gani. Sikufikiri habari ya Baba, Mungu anisamehe. Nilifikiri habari ya Elinaza. Aliyemfanyia mwanawe vile hatalala naye chini ya paa moja. Nilimwona anafungasha nguo za Nicole. Nikaona na kitu kingine, kwamba ushahidi umeshayeyuka, na kwamba nikinyamaza hakuna mtu duniani atakayejua.

Nikanyamaza. Na kama ningenyamaza tu, labda ningeweza kujitazama. Jumapili ile Baba aliniita pale kwa Évariste, akafunga mlango, akapiga magoti, dada. Baba yetu. Akasema nimsamehe, mguu wake ulimsaliti, nusura amuue mjukuu wake, na kwamba anaona ni kweli akili hazipo tena. Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nimeshaigusa barafu kwa kidole changu. Nikamwinua nikamwambia, nimekusamehe Baba. Nilimsamehe! Huko ndiko uoga ulikomfikisha mdogo wako.

Jana sikuweza tena. Aliniomba nimsaidie kufunga sanduku la safari, nikaona ameandika jina lako na namba yako kwenye kipande cha plasta na kukibandika ndani ya koti, asije akapotea uwanja wa ndege. Nikakaa kitandani nikamwambia yote, kibomba, pipa la vyuma chakavu, maneno ya Évariste, funguo, barafu, saa ya daktari, msamaha wangu. Nilitegemea kofi. Nililitaka.

Akaniuliza kama barafu niliiona mwenyewe kwa macho. Akauliza ilikuwa upande mmoja wa koo au pande zote. Akauliza kama kabla ya hapo injini ilikuwa inasita. Akawa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, kama tunazungumzia gari la mteja. Halafu akaanza kulia, na katikati ya kulia akacheka, akawa anajigonga kipaji cha uso kwa ngumi polepole na kusema kipo, kipo, kichwa changu kipo.

Nikamwambia naenda kumweleza Elinaza usiku uleule. Uso ukabadilika. Akanikataza. Akasema yeye Jumamosi anaondoka, mzee aliyechanganya pedeli hamwaibishi mtu, watu watamhurumia na kumletea uji. Mimi nina nyumba na mtoto. Akasema amekwisha kujua kwamba hana wazimu, hilo linamtosha, wengine waamini watakavyo. Nikabisha. Akanipa amri, kwa ile sauti ya gereji, kwamba nikithubutu kusema atakana. Ataapa mbele ya Elinaza kwamba alikanyaga yeye, kwa mguu wake, na kwamba mimi natunga ili kumfariji mzazi. Na tazama hali yangu, dada: barafu imeyeyuka, gari ni zima, na mtu pekee anayeweza kunishuhudia ameamua kunikingia.

Lakini kinachonitisha zaidi si hicho. Kinachonitisha ni kwamba aliposema vile, nilipumua. Kifua changu kilifunguka kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Nilifika mlangoni nikiwa nimeshakubali. Usiku kucha nikajiona nilivyo, kwamba Jumamosi naweza kumpeleka Baba uwanja wa ndege, nikampungia mkono, nikarudi nyumbani kulala vizuri. Ndiyo maana nimeamka kukuandikia kabla uoga haujanishauri tena. Dismas anakuja kuchukua barua sasa hivi, ameshapiga simu kwamba anateremka basi. Ikishaingia kwenye begi lake siwezi kuirudisha. Elinaza akitoka kanisani atanikuta jikoni, na sijui kama usiku wa leo nitakuwa na nyumba.

Nakuomba dada, mrudishie Baba spana zake. Yule kijana wa matairi mwambie mwenye gereji anakuja. Geti liache wazi.

Msalimie sana shemeji, na watoto wote uwabusu kwa niaba ya mjomba wao. Shangazi mpe shikamoo yangu, lakini barua usimwonyeshe. Niombee, maana kuanzia leo nitahitaji sana.

Na Baba akifika, akakukalisha chini kwa ule upole wake na kukueleza kwamba ni kweli mguu ulimpotea, usimwamini hata neno moja. Akili zake ni timamu kabisa. Anadanganya.

Ni mimi mdogo wako,
Zephania